Kifungu cha Kumi na Nne

Wakili Mustapha Hamidu ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayechapa anachosema. Ofisi yetu iko Kikuyu, hapa Dodoma mjini, vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha mbele ni changu na wateja, cha ndani ni chake na majalada yake. Naandika habari zake kwa sababu watu wa mjini wamezipotosha. Wapo wanaosema alitaka kumdhulumu mjane, na hao hawamjui. Wapo pia wanaosema hakukosa lolote, ulikuwa utani tu. Hao nao wanyamaze.

Ni Mrangi wa Kondoa, mtoto wa mkulima wa ulezi. Alikuja Dodoma akiwa karani wa mahakama, akasoma sheria ukubwani, watoto wake wakiwa tayari shuleni. Hapendi haraka. Mkataba hausainiwi kwetu mpaka ausome kwa sauti kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, hata kama mteja ana gari linamngoja nje. "Mkataba usiosomeka kwa sauti una mwizi ndani," husema. Tena huandika kwa Kiswahili, na alifanya hivyo tangu enzi ambazo mawakili wenzake walimcheka, wakimwambia mkataba wa Kiswahili ni barua ya posa. Kila kitu hukiandika. Ana daftari lenye tarehe aliyonunua mwavuli wake na jina la aliyemuuzia.

Lakini zaidi ya hayo yote, Mustapha ni mtani. Mimi ni Mgogo wa Gulwe, na Warangi na Wagogo wanataniana, ndivyo tulivyokuta: sisi huitwa ombaomba, wao watu wa milimani. Siku ya kwanza nilipoingia kuuliza kazi alinitazama juu ya miwani akasema, "Umekuja kuomba kazi au umekuja kuomba tu?" Nikamjibu kwamba nimesikia kwao milima imesimama wima, mtu akidondosha boga shambani analikuta kwa jirani wa bondeni, kwa hiyo nimekuja kumfundisha kutembea kwenye tambarare. Aliniajiri palepale. Kwa miaka hiyo yote sijawahi kumuona akipitwa na neno. Angeweza kukosa chakula cha mchana, lakini si jibu.

Mtani wake mkubwa alikuwa Thobias wa Hombolo. Thobias alikuwa fundi wa kompyuta hapa mjini, akachoka kutengeneza mashine za watu, akarudi kwao kulima zabibu. Huko ndiko alikotengeneza programu ya simu aliyoiita Pogoa. Anayelima zabibu anajua kwamba hesabu zote huanza siku ya kupogoa, ya kukata matawi: lini upulizie dawa ya ubwiri, ule ukungu wa majani, lini upunguze majani, lini uvune. Mkulima anaingiza siku aliyopogoa, Pogoa inamhesabia na kumtumia ujumbe. Kusema hivyo ni rahisi. Lakini programu ilitoa wapi hizo hesabu za Hombolo, kwa udongo wa Hombolo? Ilizitoa kwenye madaftari manne ya Debora, mke wa Thobias, aliyetembea shamba kwa shamba misimu minne, kwa miguu, akiuliza kila mtu amepogoa lini, amepulizia nini, amepata nini. Thobias mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi nimefinyanga chungu tu. Kilichomo ni cha Debora."

Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kikaitaka Pogoa kwa ajili ya wanachama wake wote. Thobias akaja ofisini na karatasi kumi na moja alizozitoa kwenye intaneti, mkataba wa leseni wa watu wa mbali. Mustapha aliusoma kwa sauti hadi ukurasa wa pili akauweka chini.

"Mtani, huyu aliyeandika hii ana baridi," alisema. "Tuandike wa kwetu."

Walikaa siku sita. Sijawahi kuchapa mkataba uliofikiriwa kama ule. Kwanza ilibidi ieleweke kwamba leseni si mauzo. Mustapha alieleza kwa mfano wa jembe: namwazima jirani alime, simpi ruhusa aliyeyushe afue panga, wala amwazime mtu wa kijiji cha tatu. Kisha msimbo wenyewe wa programu, maandishi yale ya ndani ambayo fundi peke yake huyagusa. Thobias aliuita jikoni, na mkataba ukasema chama kitakula sebuleni. Kisha majina na namba za simu za wakulima. Hapo Mustapha alikuwa mkali. Sheria ya taarifa binafsi inataka mtu aulizwe kwanza na aelewe anakubali nini, kwa hiyo aliandika ukurasa mzima wa ridhaa, akanisomea mimi, akaniambia nijifanye bibi yangu wa Gulwe. Kila nilipokunja uso alifuta sentensi. Mgogoro ukitokea, wazungumze kwanza, wakishindwa waende mahakamani hapa Dodoma, kwa sheria za Tanzania.

Siku ya nne walifika kifungu cha kumi na nne: mwenye programu akifariki, nani atasimama mahali pake. Kampuni haifi kirahisi, lakini Thobias hakuwa kampuni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilitoka kufuata chai kwa Mama Paulina, kibanda cha pili kutoka kwetu. Niliporudi na birika niliwakuta wanacheka, Thobias amejishika tumbo.

"Anyesi, andika," Mustapha aliniambia. "Kifungu cha kumi na nne. Mtoa Leseni akifariki, haki zake zote katika Programu zitakwenda kwa mtani wake, Mustapha Hamidu, kwa kuwa Wagogo hawajui kutunza kitu kisicho na mkia."

"Mzee, na hiki nichape?"

"Chapa. Kinashika nafasi tu. Chenyewe tutakiweka kesho."

Nikachapa. Nilicheka nikiwa nachapa, siwezi kukana. Hicho chenyewe kilikuwa nini, Mustapha aliniambia baadaye sana. Wakati mimi niko kwa Mama Paulina, Thobias alikuwa amesema, "Hapo mwandike mama watoto. Pogoa ni yake kuliko yangu." Mustapha akajibu kwamba atamwandika, ila kwanza amchokoze Thobias kidogo. Yeye anayeandika tarehe ya mwavuli hakuandika maneno hayo popote. Aliyaona ni mepesi kukumbuka.

Kesho yake wakahamia kwenye kifungu cha kumi na tano, ambacho kilikuwa kigumu, na keshokutwa kwenye cha kumi na nane. Mkataba ulisainiwa Hombolo, kwenye ukumbi wa chama, mbele ya wanachama wapatao thelathini. Mwenyekiti, Mzee Gerson, alivaa koti la harusi. Mustapha alisimama akasoma kwa sauti, kama kawaida yake, na watu walisikiliza vizuri. Kwenye ridhaa ya wakulima mama mmoja aliuliza swali, akajibiwa, akaridhika. Kifungu cha kumi na mbili, cha kumi na tatu. Kisha Mustapha akanyamaza. Nilikuwa pembeni yake, nikaona alichokiona. Akatoa kalamu mfukoni ili akifute.

Thobias aliruka kutoka kwenye kiti. "Ndugu zangu, mmemwona? Mrangi kaandika kwa mkono wake, sasa anaogopa kusoma! Ukifuta umeshindwa, mtani!"

Ukumbi ukalipuka. Watu hawakujua kimeandikwa nini, lakini walijua Mrangi amebanwa. "Asome! Asome!" Mustapha aliitazama kalamu, akawatazama watu. Nimemfahamu mtu huyu muda mrefu, na niliona kabisa alivyopima: huku kazi yake, huku neno la mtani wake mbele ya Wagogo thelathini. Akairudisha kalamu mfukoni. Akasoma kifungu cha kumi na nne kwa sauti ya mimbari, polepole, hadi kwenye mkia. Mzee Gerson alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha koti. Thobias akapiga makofi, "Nimekubali! Akili ya kurithi anayo, ila mgongo wa kupogolea hana!" Wakasaini kila ukurasa. Mimi nikasaini kama shahidi.

Debora hakuwepo. Siku hiyo alikuwa shambani, akiandika tarehe za watu waliokuwa wamepogoa wiki ile.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Mzee, kile kifungu." Akasema, "Wiki ijayo tutaandika nyongeza, karatasi moja tu." Wiki iliyofuata ilikuja kesi ya shamba Mpwapwa. Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Thobias naye alikuwa na msimu wake wa kupogoa, halafu wa kuvuna. Walipokutana walikumbushana ile karatasi moja kwa kucheka, kila mmoja akimwambia mwenzake anachelewesha kwa sababu ana tamaa. Miezi kumi na moja ikapita hivyo.

Thobias alianguka shambani asubuhi moja mwezi wa Februari, pampu ya dawa mgongoni. Presha. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Mazishini Mustapha alifanya kazi ya mtani, na aliifanya vizuri, hakuna Mgogo atakayesema vinginevyo. Alivaa kofia ya marehemu na miwani yake, akazunguka uani akibonyeza simu na kugombana nayo, Thobias kabisa. Alilala mbele ya wachimba kaburi akasema hawachimbi mpaka wamwambie nani atamtukana sasa. Na pale watu walipokuwa wamekaa kimya, kilio kimekauka, alisimama akapaza sauti:

"Msihangaike na mirathi! Mrithi ni mimi! Kasomeni kifungu cha kumi na nne!"

Watu walicheka. Debora alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake wawili, kanga usoni. Alicheka hadi akajishika mbavu, na nilimwona akivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nami nilicheka, na nilijua kifungu kipo kweli, kimesainiwa, kina mhuri. Sikukumbuka kuogopa.

Mwezi wa nne chama kilitaka ruhusa ya kuipeleka Pogoa kwa wakulima wa kata nyingine. Mzee Gerson si mtu mbaya. Alimwambia karani afungue jalada aone ruhusa inaombwa kwa nani. Karani alifungua, akasoma, akaandika barua. Siku mbili baadaye Debora alifika ofisi ya chama na orodha yake ya tarehe, kama alivyokuwa akifanya kila mwezi, maana hakuacha hata baada ya msiba. Akaambiwa asubiri kidogo kuhusu hiyo kata mpya, wamekwishamwandikia mwenye programu.

"Mwenye programu nani?" aliuliza.

Wakampa mkataba ausome. Alisoma akiwa amesimama. Chini ya ukurasa ule ilikuwepo saini ya mume wake.

Barua ya chama ilitufikia Jumatatu. Juu iliandikwa: Bwana Mustapha Hamidu, Mmiliki wa Programu. Mustapha aliisoma mlangoni, akaja akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa. "Kifungu hiki mahakamani hakisimami hata robo saa," alisema. "Na mimi niliyekiandika kwa faida yangu nastahili kuvuliwa joho." Hakunywa chai siku hiyo. Mchana alikuwa amemaliza hati ya kurasa mbili ya kukana haki yoyote, na ya kukiri kwamba alipaswa kukiondoa kifungu kile kabla ya saini na hakukiondoa. Alitaka isomeke hivyo hivyo, kwamba hakukiondoa. Nilimwuliza kama ni lazima, akasema chapa.

Debora alikuja Alhamisi. Zamani alikuwa akiingia na maneno, "Yuko wapi yule mtani wangu mbaya?" na Mustapha akijificha nyuma ya mlango. Siku hiyo alibisha hodi.

"Habari za kazi, wakili."

"Nzuri, shemeji. Karibu ukae."

Aliketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikaa Thobias. Mustapha akamsomea hati yote kwa sauti. Alipofika pale pa kukiri, sauti ilimpungua, lakini hakuruka neno. Debora akasaini kupokea. Mustapha alimweleza kwamba haki zitapitia kwa msimamizi wa mirathi, na kwamba atalisimamia hilo mwenyewe bure hadi mwisho. Debora akaitikia kwa kichwa. Kama yangeishia hapo ningesema leo kwamba kosa lilitengenezwa.

"Kuna jambo jingine," Mustapha alisema. "Thobias hakutaka niandike vile. Alisema nikuandike wewe. Alisema Pogoa ni yako kuliko yake."

Debora aliinua uso. "Alisema lini?"

"Siku ya nne. Hapo hapo ulipokaa."

"Uliandika?"

"Hapana."

"Wewe, wakili, unaandika hata bei ya kiberiti."

Mustapha hakuwa na jibu. Nilikuwa mlangoni kati ya vyumba viwili.

"Msibani ulisema mrithi ni wewe," Debora aliendelea, taratibu, bila hasira. "Nikacheka, maana ni utani. Kumbe ilikuwa kweli, ina mhuri. Leo unaniambia mrithi ni mimi. Hii nayo niicheke?"

"Debora, naapa kwa Mwenyezi Mungu."

"Watani huapa. Nimekusikia ukiapa kwamba ng'ombe wa mume wangu wana jina lako masikioni." Akakunja hati mara mbili. "Siwezi hata kukugombeza. Nani anamgombeza mtani? Nikisema mjini nimekasirika, watasema Debora hajui desturi. Na programu siyo inayoniliza, shemeji. Nimelima kabla haijakuwepo. Nilisoma pale, nikaona saini yake, nikasema huyu mtu alisomewa mbele ya watu jina la mwingine mahali pa jina langu, akacheka, akasaini. Misimu minne niliyotembea. Nilitaka kujua tu kama alinikumbuka."

Mustapha alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima, na hakuyafuta. Nadhani hata hayo Debora hakujua ayachukulieje, maana msibani alimwona akilia machozi ya uongo kwa miwani ya Thobias.

Ndipo akanigeukia mimi.

"Dada Anyesi, wewe ni wa kwetu. Ulikuwepo. Ulimsikia akilitaja jina langu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mustapha simjui akidanganya nje ya utani, na Thobias nilimsikia mara mia akisema kuhusu chungu na kilichomo. Nilikuwa na hakika alilitaja. Neno moja tu lilitakiwa, na mwanamke yule angetoka pale amenyanyuka. Lakini aliuliza kama nilisikia. Na mkataba ule ulikuwa na jina langu pia chini, shahidi, chini ya jambo nililojua halistahili kuwepo. Nilijisemea kwamba safari hii nisiwe shahidi wa uongo.

"Nilikuwa nimetoka, dada," nikasema. "Nilikwenda kufuata chai."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba alilitegemea. Akaifunga hati kwenye pindo la kanga, akasema, "Asanteni," akatoka. Mustapha akavaa miwani yake, akasema, "Umesema kweli, Anyesi." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Pogoa inafanya kazi, kata zote mbili. Nyongeza ya mkataba iliandikwa, Mtoa Leseni sasa ni Debora, kifungu cha kumi na nne kina majina ya watoto watatu wa Debora, na Debora alileta majina hayo kwa maandishi. Huja ofisini ikibidi. Hubisha hodi, husema habari za kazi. Mustapha huandika kila anachosema mteja, na tarehe, na saa. Amejaza madaftari mawili. Juzi aliingia mzee mmoja kutoka kwetu Gulwe akamwambia, "Mrangi, bado hujateremka mlimani?" Mustapha akamjibu, "Karibu, mzee wangu, keti." Yule mzee akasubiri, akasubiri, kisha akacheka sana, akidhani huo ndio utani wenyewe.

Kwa Mama Paulina siendi tena. Nilinunua birika la umeme, na chai nachemsha humuhumu ofisini, mlango wa ndani ukiwa wazi.